Wauliza, Twajibu: Pesa za Walioponea Vita

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi programu ya Baxnaano ya Somalia, iliyoanza kwa kuzipa familia fukara dola 20 kwa mwezi katika nchi ambayo bunduki hazijanyamaza. Barua zilizofuata zilitoka Kizingitini, Witu, Hindi, Mpeketoni, Langoni, Maweni na Malindi. Si ajabu. Watu wa pwani hii wana jamaa Kismayu, Ras Kamboni na visiwa vya Wabajuni. Na wanaokumbuka mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, marufuku ya kutoka usiku na wavuvi waliokatazwa kutega gizani hawahitaji kuelezwa mtu anapoteza nini amani ikitoweka. Tumechagua barua zilizouliza mambo ambayo wengi waliyagusa.

Mamangu mdogo yuko Kismayu. Ni mjane, analea wajukuu watano. Walipopita waandikishaji wa msaada wa pesa hawakumwandika, ila jirani yake mwenye kiduka waliandika jina lake. Ni rushwa, au kuna hesabu nisiyoijua? (Mvuvi, Kizingitini)

Yaweza kuwa rushwa. Lakini anza na uwezekano mwingine, kwa sababu mara nyingi mtu huachwa nje na kanuni yenyewe kabla mkono mchafu haujaingia.

Orodha za namna hii hutengenezwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kundi: kila mwenye umri fulani, au kila nyumba yenye mtoto mdogo. Ya pili ni fomu ya mali. Mwandikishaji anauliza paa ni la bati au makuti, sakafu ni saruji au udongo, mnalala wangapi chumba kimoja, mna mbuzi wangapi, kisha kompyuta inajumlisha alama na kukata mstari. Ya tatu ni wazee wa mtaa kukaa na kutaja walio fukara kupita wengine. Programu nyingi huchanganya mbili au zote tatu. Baxnaano, kwa mfano, ilianza 2020 ikilenga familia maskini zenye watoto wa chini ya miaka 5. Kama msaada uliopita mtaani kwake ulifuata kigezo kama hicho na mjukuu mdogo wa mamako ametimiza miaka 6, basi ameanguka nje hata akiwa analala na njaa. Na jirani mwenye kiduka, akiwa na mtoto wa mgongoni, ameingia.

Fomu ya mali nayo ina ugonjwa wake, na katika nchi iliyotoka vitani ugonjwa huo huzidi. Fomu inasoma vitu, na vita huvuruga maana ya vitu. Mjane anayehifadhiwa katika nyumba ya mawe ya shemeji yake anaonekana tajiri. Mwenye duka aliyehamisha bidhaa kwa nduguye wiki ya uandikishaji anaonekana hana kitu. Zaidi ya hapo, Somalia ilipopimwa 2017-18, karibu watu 7 kati ya 10 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Ukiwa na nyumba mia, na 70 kati yake ni maskini, halafu bajeti inatosha nyumba 20, unataka fomu itofautishe mtu aliyekula jana jioni na aliyekula jana mchana. Haiwezi. Programu zinazolenga asilimia 10 au 20 ya chini kwa fomu ya namna hii mara nyingi zimewaacha nje zaidi ya nusu ya wale wale zilizowakusudia. Hapo hapana mwizi. Ni kipimo kilichopewa kazi kisichoiweza.

Wazee wa mtaa wanajua mengi kuliko fomu, ila wanajua ya watu wao. Waliokimbia na kuhamia jana, watu wa kabila dogo, Wabajuni wakiwamo katika sehemu nyingi za kusini, hawana mzee wao barazani. Na katika kambi za wakimbizi wa ndani za Mogadishu kuna madalali wanaosimamia uwanja na kudai fungu la kila msaada. Wenyeji huwaita mukulaal madow, paka weusi. Mtu hupokea pesa kwenye simu yake, kisha jioni paka mweusi anapita kuchukua chake, na asipopewa familia inatolewa kambini.

Mwambie mamako asiombe “kuongezwa”. Aulize mambo matatu, na ayaulize kwa wanaoendesha programu, asiishie kwa mzee wa mtaa: kigezo kilichotumika ni kipi, jina lake lilifika hatua gani, yaani hakuandikwa kabisa au aliandikwa akakatwa, na rufaa inapokelewa wapi na mpaka lini. Aliyekatwa na kompyuta anaweza kusahihisha jibu moja kwenye fomu. Asiyeandikwa kabisa anahitaji kutembelewa upya, nalo ni ombi jingine. Akichanganya mawili hayo, karatasi yake itazunguka mezani miezi.

Kwa nini wasigawe mchele na mafuta? Pesa si zinapandisha bei? (Mfanyabiashara, sokoni Malindi)

Wewe ungejibu vizuri kuliko sisi. Wateja mia wakija na pesa na wewe unaweza kuleta magunia kutoka Mombasa kwa siku mbili, bei itatikisika kidogo kisha itatulia. Barabara ikiwa imefungwa na ghala tupu, shilingi zile zile zitafukuza kilo zile zile za mchele, na bei itapanda.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, soko hupimwa. Wauzaji wa chakula ni wangapi: mmoja atapandisha, watano watashindana. Huchukua siku ngapi kujaza bidhaa zikiisha. Bei za miezi 12 iliyopita zilipanda wakati gani na kwa sababu gani. Wakati wa njaa ya 2011 kusini mwa Somalia, mashirika mengi ya chakula hayakuweza kuingia, lakini mahawala, yaani watuma pesa, na wafanyabiashara waliweza. Pesa zilipita njia za hawala, na chakula kikafuata pesa kupitia wachuuzi. Watu zaidi ya milioni 1 walifikiwa kwa pesa na vocha.

Chakula chenyewe kibaki kwa mahali palipozingirwa, au pale bahari inapofunga. Kiunga wakati wa kusi kali, boti zikiwa zimesimama, noti ya elfu haiwezi kuliwa.

Pesa hizi si wanaume watazimaliza kwa miraa? (Mama, Maweni)

Hofu hii imechunguzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika Kusini, na matumizi ya pombe na sigara hayakupanda kwa sababu ya msaada. Mahali pengine yalishuka. Nyingi huenda kwa chakula, kisha deni la duka, kisha shule. Deni la duka lisidharauliwe. Mama aliyelipa deni mwezi huu ataaminiwa unga mwezi ujao.

Serikali imetoka vitani, haina kitu. Wahisani wanaleta programu 30, kila moja na bango lake. Ianze wapi? (Mwalimu, Witu)

Ianze na kitu kidogo kinachoeleweka na kila mtu, kilipwe siku ile ile, kisikatike. Huo ndio msimamo wetu na tunautetea dhidi ya wanaopenda mipango mikubwa.

Tazama Nepal. Mwaka 1995 nchi fukara kuliko Kenya ya wakati ule ilianza kuwapa wazee wa miaka 75 na zaidi rupia 100 kwa mwezi. Pesa ya kununulia chumvi na chai, walisema wakosoaji. Mwaka 1996 vita vya ndani vikaanza, vikaenda mpaka 2006. Pensheni ile haikufutwa. Vita vilipokwisha, mwaka 2008, umri ukashushwa hadi miaka 70, na hadi 60 kwa Wadalit, tabaka la chini linalobaguliwa, na kwa watu wa Karnali, mkoa wa milimani uliosahauliwa. Kiasi kikapanda hadi rupia 500. Waliweza kuongeza kwa sababu kitu kilikuwapo. Orodha ilikuwapo, karani aliyezoea kulipa alikuwapo, na mzee alijua haki yake kwa neno moja: umri. Tena walipoongeza, walianza na wale ambao kunyimwa kwao kulichochea vita.

Hesabu yenyewe haitishi. Chukua nchi ya watu milioni 10, changa kwa umri kama nyingi za Afrika. Waliotimiza miaka 70 ni takriban asilimia 2, yaani watu 200,000. Ukiwapa dola 10 kwa mwezi ni dola milioni 24 kwa mwaka. Watoto wa chini ya miaka 2 watakuwa kama 700,000; dola 5 kwa kila mmoja ni milioni 42. Jumla milioni 66, ongeza sehemu ya kumi ya kuendeshea. Kwa wahisani wenye mabango 30, hizo zipo tayari; zimetawanyika katika magari, semina na fomu 30 tofauti ambazo mama mmoja amejaza sita.

Kiasi kikadiriwe na matumizi ya nyumba. Msaada unaofikia kama moja ya tano ya matumizi ya nyumba maskini huonekana katika sahani na katika daftari la shule. Ukiwa chini sana ya hapo humezwa na nauli na deni. Na uandikwe katika sheria au kanuni kwamba utapitiwa kila mwaka kwa kufuata bei. Kenya ni somo hapa. Pesa za mayatima zilifika shilingi 2,000 kwa mwezi mwaka 2011, na pesa za wazee za Inua Jamii nazo ni 2,000. Katika miaka iliyofuata unga na mafuta vimepanda mpaka thamani ile imeshuka chini ya nusu, huku tarakimu kwenye karatasi ikikaa pale pale. Programu ya kupambana na njaa ya kaskazini, iliyoanza na Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ilipandishwa kutoka shilingi 2,150 hadi 5,400 kwa kila miezi miwili. Kwa hiyo kupandisha kunawezekana mtu akitaka.

Jambo la mwisho kwa mwalimu: rejista iwe moja, na iwe mali ya serikali. Msumbiji iliunda ofisi ya ruzuku ya chakula mwaka 1990, vita vikiwa bado vinapiganwa, kwa maskini wa mijini. Ikakua haraka kuliko uwezo wake wa kukagua majina, ikaingiliwa na udanganyifu, ikavunjwa 1997 na taasisi nyingine, INAS, kuundwa badala yake. Kupanuka kabla ya kukagua ndiko kulikoiua, wala si wazo lenyewe.

Wapiganaji wasipolipwa watarudi msituni. Wakilipwa, wajane wanaona damu imelipwa na machozi hayakulipwa. Tushike lipi? (Kijana, Langoni)

Yashikwe yote mawili, kwa mifuko miwili na mihula miwili.

Msumbiji, baada ya mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 1992, ililipa askari zaidi ya 90,000 wa pande zote mbili kwa miaka miwili. Kila mmoja alipokea kwa awamu katika tawi la benki la wilaya aliyochagua kuishi. Tazama ufundi wake: pesa inamvuta mtu mbali na kambi, inamfikisha kijijini, na ina mwisho unaojulikana. Kasoro yake kubwa ni kwamba waliohesabiwa ni wenye bunduki. Wanawake waliobeba mizigo ya majeshi na kuyapikia hawakuwa katika daftari la mtu.

Timor-Leste, nchi ndogo ya kisiwani Asia, ilikwenda njia nyingine. Wazee wote walianza kulipwa 2008, na kufikia 2010 walipata dola 30 kwa mwezi. Wakongwe wa mapambano ya uhuru, yaani wapiganaji wa zamani, walipewa pensheni za zaidi ya dola 200, na baadhi hurithisha familia. Waliostahili heshima walipewa heshima, ndiyo. Lakini madai ya ukongwe yaliongezeka mwaka hadi mwaka, na pensheni hizo zikala fungu kubwa la fedha za ulinzi wa jamii, na mtoto mwenye utapiamlo akabaki na senti. Ukiweka malipo ya wapiganaji ya maisha, bila tarehe ya kufunga uandikishaji, umeandika hundi isiyo na kiasi.

Kwa hiyo mpiganaji apewe muda maalumu, tuseme miezi 18 hadi 24, pamoja na kazi au nyenzo. Mjane na yatima waingie katika programu ya kudumu ya raia wote, isiyouliza mume alifia upande gani. Swali hilo moja kwenye fomu linatosha kurudisha vita mezani.

Mama mkwe wangu ana miaka 74, amesuka mikeka maisha yake yote. Hapati pesa za wazee. Chifu anasema mashine haimsomi. (Mkaza mwana, Hindi)

Pole, na tafadhali msikate tamaa. Hili lina dawa.

Anza na kitambulisho chake. Tazama mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa. Wazee wengi walikadiriwa umri na karani, na mfumo husoma karatasi, hausomi mvi. Kama kitambulisho kinasema miaka 66, atasubiri mpaka kifike 70 isipokuwa msahihishe kwa ofisi ya usajili wa watu, mkiwa na cheti chochote cha zamani, au tathmini ya umri ya hospitali ya serikali, pamoja na vyeti vya watoto wake wakubwa. Mtoto wa kwanza mwenye miaka 56 ni ushahidi mzito. Kwa watu wa mpakani waliokuwa wakihojiwa kupita kiasi ili wapate kitambulisho, msasa huo wa ziada ulifutwa kwa tamko la rais mapema 2025. Lijueni hilo mkifika dirishani.

Pili, awe hapokei pensheni nyingine ya serikali. Tatu, uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi, si kila siku. Jina lipelekwe kwa naibu wa chifu na pia kwa afisa wa ulinzi wa jamii wa kaunti ndogo, na muombe nakala au namba ya maombi. Jina lililobaki katika daftari la chifu peke yake halijafika. Nne, ataje mpokeaji wa pili mwenye kitambulisho, mtu wa nyumba moja naye.

Sasa vidole. Anayesuka ukili huvuta miyaa kati ya kidole gumba na cha shahada maelfu ya mara kwa siku, na ile mistari ya ngozi hulainika kama jiwe la kisima. Mashine ikiwekewa vidole hivyo viwili, haioni kitu. Siku tatu kabla ya kwenda, apake mafuta ya nazi usiku. Asubuhi ya siku yenyewe aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaushe vizuri, asipake tena kitu. Kisha muombe wajaribu vidole vyote kumi. Mara nyingi kidole cha pete au kidogo cha mkono wa kushoto husoma, kwa kuwa hakifanyi kazi ya kusuka. Kioo cha mashine kifutwe. Jasho la watu hamsini waliotangulia humkataa wa hamsini na mmoja. Vyote vikikataa, hapo ndipo mpokeaji wa pili anapotumika, na afisa anapaswa kuandika sababu. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa neno “mashine imekataa” bila maandishi.

Akianza kulipwa, achukue pesa kila zinapoingia. Akaunti isiyoguswa kwa miezi mingi hudhaniwa mwenyewe amefariki, na kuifufua ni kazi kuliko kuianzisha.

Nimeajiriwa kwa muda kusaidia siku ya malipo nchi jirani. Nijihadhari na nini? (Mwanafunzi, Mpeketoni)

Kwanza hesabu noti. Tuseme kwa shilingi zetu: watu 400 wakilipwa 4,000 kila mmoja ni shilingi 1,600,000. Hakuna wakala mdogo mwenye pesa hizo kwenye droo. Ukiwaita wote siku moja, saa tano asubuhi zitaisha, na anayebaki kwenye foleni atakatwa “ada” ili apewe kwanza. Wagawe: 80 kwa siku, siku tano, 320,000 kwa siku, na mawakala wawili au zaidi. Tangaza kwa redio na msikitini au kanisani ni mtaa gani siku gani. Katika sehemu yenye hatari, usitangaze mapema mno. Siku mbili zatosha.

Kiasi kiandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa: 4,000, hakuna makato. Asiyejua kusoma anazijua noti nne za elfu. Kivuli, maji, na kiti kwa wajawazito. Wakina mama wamalize kabla ya adhuhuri ili wafike nyumbani na jua lipo. Mtu mwenye silaha, hata wa serikali, akae mbali na meza. Wapo watakaogeuka wakiona bunduki.

Nawe weka meza ya malalamiko, iwe mbali na ya malipo na isimamiwe na mtu asiyelipa. Sierra Leone ilikabidhi malalamiko ya msaada wa pesa kwa tume yake ya kupambana na ufisadi, chombo nje ya wizara inayogawa, na huo ni uamuzi tunaoupenda. Kila lalamiko lipate namba, tarehe na mstari wa jibu. Kabla ya kufungua malipo ya awamu inayofuata, simama usome, bila majina: yalikuja malalamiko mangapi, mangapi yametatuliwa, mangapi bado na kwa nini. Ukisoma “bado” kwa uwazi mara mbili tatu, meza yako itajaa watu ambao zamani walinyamaza, na hapo ndipo utakapojua nani alikuwa anakatwa.